Mwongozo Kamili: Kutafiti Tamthilia za Kiingereza Zilizopotea kwa Vipande vya Karatasi Vilivyosalia

Mwaka 1953 muuza vitabu vya kale wa London, Solomon Pottesman, alikuwa anakagua kitabu cha mahubiri kilichochapishwa 1637. Ndani ya jalada lake, pale ambapo wafungaji wa vitabu walizoea kushindilia karatasi za taka ili kukaza mgongo, akakuta kurasa zilizoandikwa kwa mkono. Zilikuwa hesabu za duka la muuza vitabu mwingine, Christopher Hunt, za Agosti 1603. Katika orodha ya bidhaa zake mlikuwa na "marchant of vennis", ambayo sisi tunaijua kama Mabepari wa Venisi kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, kisha "taming of a shrew", kisha "loves labor lost". Na baada ya hiyo, "loves labor won".

Jina hilo la mwisho lilikuwa limejulikana kwa karne tatu na nusu kutokana na mtu mmoja tu, Francis Meres, aliyelitaja mwaka 1598 katika orodha ya kazi za Shakespeare. Hakuna nakala yake iliyoonekana mpaka leo. Wapo waliodhani Meres alikuwa anaiita The Taming of the Shrew kwa jina lingine. Orodha ya Hunt iliitikisa dhana hiyo, kwa kuwa inataja vyote viwili, ingawa mbishi bado anaweza kusema kuwa "a shrew" na "the Shrew" ni vitabu viwili tofauti.

Hunt hakuwa na habari na mabishano yetu. Alikuwa anahesabu mali. Ndiyo maana namwamini kuliko mtu aliyeandika ili kumsifu Shakespeare. Kila karatasi utakayoishika katika kazi hii ilikuwa na safari yake, na tamthilia imo humo kama abiria tu. Ukijua karatasi ilikuwa inakwenda wapi, utajua abiria ameacha nini njiani.

Ukubwa wa shimo lenyewe: kati ya 1567, majumba ya kwanza ya maigizo ya kibiashara yalipoanza London, na 1642, Bunge lilipoyafunga, huenda ziliandikwa tamthilia zipatazo 3,000. Zilizobaki ni 543. Nyingine 744 tunajua kwamba zilikuwepo, kwa jina au kwa maelezo. Hizo 744 ndizo shamba lako.

Hatua ya 1: Chagua tamthilia moja

Usianze na Cardenio. Kila mtu anaanza na Cardenio kwa sababu ina jina la Shakespeare, na ushahidi wake umeshatafunwa: malipo mawili ya kasri ya 1613, na daftari la chama cha wachapaji la 1653 ambamo mchapishaji Humphrey Moseley aliiandikisha kuwa ni ya mwandishi John Fletcher na Shakespeare. Mgeni hana cha kuongeza hapo.

Fungua Lost Plays Database, hazina ya bure mtandaoni iliyoanzishwa 2009 na Roslyn Knutson na David McInnis, na ambayo sasa inatunzwa na maktaba ya Folger ya Washington. Kila tamthilia ina ukurasa wake wenye maneno ya ushahidi yalivyo. Tafuta yenye mashahidi wawili wasiojuana, kwa mfano malipo kwa mwandishi upande mmoja na kesi ya mahakama upande mwingine. Shahidi mmoja anakupa jina tu, na jina peke yake halitoshi hata kwa ukurasa mmoja.

Hatua ya 2: Jiulize karatasi iliandikwa kwa kazi gani

Hapa usiharakishe. Watafiti wengi wachanga hukimbilia maneno kabla ya kuiangalia karatasi yenyewe.

Daftari kuu la fani hii ni la Philip Henslowe, mwenye jumba la Rose lililojengwa 1587 ng'ambo ya mto Thames. Liko Dulwich College, shule iliyoanzishwa na mkwewe, mwigizaji Edward Alleyn, na picha zake zote ziko mtandaoni bure. Daftari hilo awali lilikuwa la ndugu yake John, aliyeandikia hesabu za uchimbaji na uyeyushaji wa chuma huko Sussex. Henslowe akaligeuza chini juu na kuanza kuandika ya kwake mwaka 1592. Kwa hiyo ukikuta ukurasa wenye hesabu za chuma zilizopinduka, usishangae.

Katika miaka ya mwanzo utaona tarehe, jina la tamthilia na fedha. Fedha hizo si mapato yote ya siku. Ni fungu lake yeye mwenye nyumba, kutoka kwa watazamaji wa roshani. Kuanzia 1597 hivi sura inabadilika: anakopesha kikundi cha waigizaji fedha za kulipa waandishi, kununua nguo na kulipia vibali. Malipo hayo ndiyo yanayotupa majina mengi ya tamthilia zilizopotea, na yana hatari yake. Aliyelipwa malipo ya awali si lazima alimaliza kuandika. Usiseme tamthilia "ilichezwa" kwa sababu mtu alipewa shilingi arobaini.

Aina ya pili ni ubao wa nyuma ya jukwaa, ambao Waingereza waliuita ploti. Ni karatasi kubwa iliyobandikwa juu ya kitu kigumu na kutobolewa tundu ili itundikwe. Inasema nani anaingia lini na ameshika nini. Haina mazungumzo hata kidogo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumkumbusha mtu wa pazia asikose kumwita mwigizaji. Ploti ya tamthilia iitwayo 2 Seven Deadly Sins, yaani sehemu ya pili, ilibaki Dulwich kwa bahati: mtu aliifanya jalada la mswada wa tamthilia nyingine. Ukiisoma unaona Mfalme Henry wa 6 na mshairi Lydgate wakiwa kama wasimulizi, kisha visa vitatu, vya husuda, uvivu na uzinzi, na katikati ya wahusika jina la mwigizaji Richard Burbage. Mifupa yote ya mchezo ipo, nyama hakuna.

Ya tatu ni orodha ya mali. Mwaka 1598 kikundi cha waigizaji kilichoitwa cha Admiral kilihesabu vifaa vyake: mwamba mmoja, kaburi moja, mdomo mmoja wa jehanamu, mti wa matofaa ya dhahabu. Karatasi yenyewe ilishapotea, tunayo kwa sababu msomi Edmond Malone aliichapisha 1790. Ukiitumia, sema hivyo. Unamnukuu Malone. Karatasi hujaiona.

Halafu kuna karatasi ya taka. Aliyewahi kununua karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa daftari la mwanafunzi atanielewa mara moja. Mwaka 1985, katika jumba la Melbourne Hall huko Derbyshire, miongoni mwa nyaraka za Sir John Coke aliyekuwa waziri wa Mfalme Charles wa Kwanza, ilionekana karatasi iliyotumika kufungia rundo la barua. Kumbe ni kurasa nne za rasimu ya tamthilia, zenye maneno yaliyokatwa na kurekebishwa, juu ya mtawala Alessandro de' Medici wa Florence na ndugu yake aliyemuua. Baadhi wanasema ni mkono wa John Webster, wengine wanasema James Shirley, ambaye tamthilia yake The Traitor inasimulia kisa hichohicho. Angalia tena safari ya karatasi: ilihifadhiwa kwa ajili ya barua zilizokuwa ndani yake. Hakuna aliyeitunza kama fasihi.

Na mashuhuri kwa uchungu ni orodha ya John Warburton, aliyefariki 1759. Alikusanya miswada zaidi ya hamsini, akaisahau, na mpishi wake Betsy Baker, kwa maelezo ya Warburton mwenyewe, akaichoma au kuitandika chini ya mikate ya nyama. Zimebaki tamthilia tatu na kipande. Kisa kitamu, lakini mtafiti W. W. Greg alionyesha 1911 kwamba majina mengi katika orodha hiyo yanafuata mno maandikisho ya Moseley. Inawezekana mengine yalikuwa majina ya vitabu alivyotamani kuvipata. Mpishi amelaumiwa kwa mengi.

Hatua ya 3: Jifunze mwandiko kabla ya kujifunza fasihi

Mwandiko wa kawaida wa kipindi hicho unaitwa mwandiko wa sekretari. Aliyezoea kusoma tenzi zetu katika herufi za Kiarabu anajua taabu ya namna hii, ambapo mkono huandika kitu kimoja na masikio yakataka kingine. Anza na herufi nne: "e" inayopinduka kama imelalia mgongo, "h" inayoning'inia chini ya mstari, "c" inayofanana na "r" yetu, na "s" ndefu inayofanana na "f". Nilipoanza nilisoma "cart" kama "rart" na nikalitafuta neno hilo kwenye kamusi jioni nzima. Herufi "u" na "v" hubadilishana, na "i" na "j" vilevile. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, ina mafunzo ya bure mtandaoni yenye mazoezi. Fanya zoezi moja kila siku kwa mwezi mmoja kabla ya kugusa tamthilia yoyote.

Nakili kama ilivyo. Henslowe aliandika "titus & ondronicus", nawe andika hivyohivyo. Usinyooshe. Herufi usiyo na hakika nayo iweke katika mabano ya mraba, na palipochanika acha nafasi. Tafsiri yako iende kwenye safu nyingine ya jedwali, isichanganywe na unukuzi.

Tarakimu zina mitego yake. Fedha huandikwa kwa namba za Kirumi, na "i" ya mwisho hugeuka "j": "vj" ni 6. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, shilingi moja peni 12, kwa hiyo "xxix s" ni pauni moja na shilingi tisa. Mtego mkubwa zaidi ni mwaka. Kisheria mwaka ulianza 25 Machi. Henslowe anapofungua orodha yake Februari "1591", kwetu ni Februari 1592. Usipoligeuza hilo, utamfanya mwandishi alipwe mwaka mmoja kabla ya kuandika, na msomaji makini hatakuamini tena.

Kuna na alama ndogo "ne" anayoiweka kando ya baadhi ya majina. Kwa kawaida husomwa kuwa ni mchezo mpya. Lakini tamthilia moja, Alexander and Lodowick, imepewa "ne" mara mbili mwanzoni mwa 1597. Kitu hakiwi kipya mara mbili. Iseme "ne" kama "ne" na ueleze unavyoielewa.

Hatua ya 4: Hakikisha kweli imepotea

Tamthilia za wakati ule zilikuwa na majina ya nyumbani na ya mtaani, kama watu. Henslowe akiandika "Jeronimo" au mfano wake, mara nyingi anaizungumzia The Spanish Tragedy, iliyopo mpaka leo. "The Guise" ni The Massacre at Paris ya Marlowe. Tahajia nayo hukuzungusha: jina la mtawala wa Morocco aliyekufa katika vita vya Alcazar vya 1578 linaonekana kama "mvlomvrco" na kwa sura nyingine kadhaa. Je, Muly Molocco ni tamthilia iliyopotea, au ndiyo The Battle of Alcazar ya George Peele kwa jina lingine? Wataalamu bado wanavutana. Litamke jina kwa sauti, kisha lisome tena. Henslowe aliandika alivyosikia.

Hatua ya 5: Mchunguze mlaghai

Katika karne ya 19, John Payne Collier, msomi mwenye heshima zake, alipewa ruhusa ya kulitumia daftari la Henslowe. Akaongeza maneno yake humo, kwa mwandiko wa kuiga. George Warner aliyafichua katika orodha yake ya nyaraka za Dulwich ya 1881. Kwa hiyo chochote kilichotokana na Collier kithibitishe katika toleo la karne ya 20, na kama inawezekana katika picha ya ukurasa wenyewe. Angalia kama wino umekaa juu ya uchafu wa karatasi, na kama maneno yamebanwa katika nafasi iliyobaki tupu mwishoni mwa mstari.

Mfano mzuri ni The Isle of Dogs, Kisiwa cha Mbwa, ya Thomas Nashe na Ben Jonson. Ilichezwa kiangazi cha 1597, serikali ikaiita ya uchochezi, Jonson na waigizaji wawili wakatiwa gereza la Marshalsea, Nashe akatorokea Great Yarmouth. Ndani ya daftari la Henslowe kuna maneno kwamba Nashe alilipwa kwa ajili ya tamthilia hiyo. Ni ya Collier. Uongo mtupu. Lakini daftari hilohilo lina mstari wa kweli wa Agosti 1597, katika mkataba wa mwigizaji mmoja, unaosema marufuku ya maigizo imekuja kwa sababu ya kucheza "the Jeylle of dooges". Ukizitupa zote mbili kwa hofu umepoteza shahidi. Ukizipokea zote umedanganywa.

Shahidi mwingine yuko kwenye kasri la Alnwick, kaskazini mwa Uingereza. Mswada uliogunduliwa 1867 una ukurasa wa mbele uliojaa majina ya maandishi yaliyokuwemo, na miongoni mwake kuna Isle of Dogs pamoja na kifupisho chenye maana ya "kipande". Kurasa za ndani zenye kipande hicho hazipo. Naye Nashe mwenyewe aliandika 1599 kwamba yeye alitunga utangulizi na tendo la kwanza tu. Angalia sababu ya kila mmoja: mkataba uliandikwa kumbana mwigizaji, ukurasa wa Alnwick ulikuwa yaliyomo, na Nashe alikuwa anajitetea. Huyo wa mwisho ndiye wa kusikilizwa kwa sikio moja.

Hatua ya 6: Toka nje ya jumba la maigizo

Waandishi wa wakati ule walikula habari za mitaani. Agosti na Septemba 1599 Jonson na Dekker walilipwa jumla ya pauni 8 kwa Page of Plymouth, na kikundi kikatumia pauni 10 kwa nguo za kike. Tamthilia haipo. Lakini mauaji yalikuwa ya kweli: Ulalia, mke wa mfanyabiashara wa Plymouth aitwaye Page, alishirikiana na mpenzi wake George Strangwich, mumewe akauawa, wakanyongwa 1591. Kijitabu na nyimbo za kuuzwa mitaani vimebaki. Ukivisoma pamoja na hesabu ya nguo unaona gharama ilielekea wapi: nguo za kike zimepita malipo ya waandishi wote wawili. Hilo linaashiria, ingawa halithibitishi, kwamba macho yalilengwa kwa mwanamke.

Kwa maoni yangu hazina tamu kuliko zote ni mahakama. Mtafiti C. J. Sisson alizama katika nyaraka za Mahakama ya Star Chamber na kuitoa Keep the Widow Waking, yaani Mfanyeni Mjane Asilale, iliyochezwa 1624. Mjane tajiri, Anne Elsdon, mwenye umri wa miaka 62, alileweshwa na kijana muuza tumbaku, Tobias Audley, akaozeshwa akiwa hajitambui. Mkwe wake akashtaki, na aliposikia aibu ile inachezwa jukwaani akawaburuza na watu wa maigizo. Hivyo tuna ushahidi wa Thomas Dekker mwenyewe akieleza kwamba aliandika karatasi mbili zenye tendo la kwanza, pamoja na hotuba moja katika tendo la mwisho. Hakuna mhakiki aliyewahi kutupa maelezo kama hayo kuhusu namna waandishi wanne walivyogawana kazi. Alitupa mwanasheria, maana ndiye aliyekuwa na haja ya kujua nani alifanya nini.

Ukitafuta katika mahakama usitafute jina la tamthilia. Tafuta majina ya watu wa kisa, na tahajia zao zote.

Hatua ya 7: Omba picha

Huhitaji kwenda London. Andika barua fupi kwa maktaba, taja namba ya mswada na ukurasa, upande wa mbele au wa nyuma, uliza bei kabla ya kuagiza. Folger ina picha nyingi za bure. Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi Oktoba 2023 na picha zake nyingi za miswada zikatoweka mtandaoni, kwa hiyo hakiki kwanza kama unachokitaka kimerudi. Agiza na picha ya upande wa nyuma hata kama "hauna kitu". Safari ya karatasi mara nyingi imeandikwa huko.

Hatua ya 8: Andika kwa ngazi tatu

Ngazi ya kwanza ni kile karatasi inachosema. Ya pili ni kinachofuata kwa lazima. Ya tatu ni unachodhani. Zipe aya tofauti, na usiruhusu "huenda" ya ukurasa wa pili iwe "ilikuwa" katika ukurasa wa tano.

Chukua mfano katika ile orodha ya mali ya 1598. Mstari mmoja unataja gurudumu moja na fremu yake katika The Siege of London, yaani Kuzingirwa kwa London. Ngazi ya kwanza: kikundi cha Admiral kilikuwa na kifaa hicho na kilikihusisha na tamthilia hiyo, kwa chapa ya Malone. Ya pili: mwaka 1598 kifaa kilikuwa bado stoo, hakijauzwa wala kuvunjwa kuwa kuni. Ya tatu ni yako: mashine ya kubomoa ukuta, kifaa cha kumtesea mfungwa, au winchi ya kupandishia mtu juu. Andika zote tatu, kisha nenda kwenye tamthilia za vita zilizosalia uone gurudumu linaingia katika onyesho gani.